Kumbe sikai Kampala

Miaka sita nimekuwa nikimwambia mama kule Tanga kwamba nakaa Kampala. Mei 2024 karani wa sensa alifika mlangoni na kishikwambi, akauliza ni kina nani walilala humu usiku wa sensa, kisha akajaza: Wilaya ya Wakiso, Manispaa ya Nansana. Jirani yangu Mkongomani, ambaye Kiswahili ndicho kimetuunganisha, akasema, "Dada, kumbe Kampala tunaenda kutafuta tu, kulala ni huku."

Matokeo yalipotoka nikamwelewa. Kampala yenyewe, kilomita za mraba 189 hivi, ina watu wapatao milioni 1.8. Wakiso, iliyoikumbatia karibu pande zote, imepita milioni 3.4. Mwaka 2014 Wakiso ilikuwa haijafika milioni mbili! Serikali ikitaja Kampala Kuu huongeza Mukono na Mpigi, lakini uzito uko hapa Wakiso, ambako mtu wa kipato cha kawaida bado anapata chumba au kiwanja.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko ndani ya taksi, ndiyo daladala yetu ya huku. Tukiteremka bonde la Lubigi ukungu umelalia mafunjo, na harufu ya tope inaingia dirishani. Maji ya bonde hili yanakwenda kaskazini, hadi Mto Kafu na Nile. Ya katikati ya jiji yanashuka mfereji wa Nakivubo hadi Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Jiji moja, maji yanaachana njia.

Husemwa Kampala ni vilima saba, ingawa leo ni vingi zaidi. Mimi nayatazama mabonde. Kololo na Nakasero ziko juu, zina miti na kuta. Bwaise iko chini, na mvua kubwa ikinyesha watu wanapandisha magodoro juu ya meza. Kila nikiona kifusi kipya kimemwagwa kwenye mafunjo ya Lubigi roho inaniuma, kwa sababu maji yale lazima yaende mahali, na yakikosa bonde yataingia vyumbani kwa watu.

Juzi nikamwambia mama ukweli: nakaa Nansana.

"Ni mbali na Kampala, mwanangu?"

"Alfajiri nusu saa, mama. Jioni mvua ikinyesha, ni mwendo wa saa mbili na zaidi."