Nyumba ya reli: anza chini ya sakafu

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Wafanyakazi wake walijengewa nyumba njiani, na nyingi za mwanzo zilikuwa za mbao na mabati, zimeinuliwa juu ya nguzo, na baraza mbele. Anayepata nyumba ya namna hii leo huwazia kwanza jikoni na marumaru. Kabla ya hayo, aulize kama imetangazwa kuwa jengo la kihistoria linalolindwa chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2006, maana ikiwa imetangazwa hang'oi hata dirisha bila kibali. Kisha ashuke chini ya sakafu.

Shuka na tochi na bisibisi. Dunga kwa bisibisi ncha za mbao zinazobeba sakafu, hasa karibu na bafu na chini ya milango ya baraza ambako mvua hupiga. Bisibisi ikizama zaidi ya milimita 5, mbao hiyo imekwisha hata kama juu yake sakafu inang'aa. Tafuta pia vijia vyembamba vya udongo vinavyopanda nguzo. Hiyo ni njia ya mchwa. Ukikuta kofia za bati juu ya nguzo, usizitoe. Hazimzuii mchwa kabisa, ila zinamlazimisha kupita nje ambako utamwona.

Kosa kubwa ni kuziba nafasi hiyo kwa matofali ili kupata stoo. Hewa ikikosa kupita, unyevu wa ardhi hupanda kwenye mbao, na mchwa anapata giza analolipenda. Kama unaogopa panya na nyoka, weka wavu wa chuma.

Bafu ndilo linaloharibu nyumba hizi. Marumaru zikibandikwa moja kwa moja juu ya mbao, mbao hucheza, viungo hupasuka, maji hupenya na kuoza huanza mahali pasipoonekana. Ng'oa mbao za juu za chumba hicho, ongeza vipande vya kukaza kati ya mihimili, kisha laza plaiwudi ya baharini, yaani ile inayostahimili maji, ya milimita 18, ukiifunga kwa skrubu kila sentimita 15. Juu yake paka dawa ya kuzuia maji, nayo ipande ukutani angalau sentimita 15, na zaidi kwenye shawa. Subiri ikauke, ndipo ubandike. Bomba la choo la milimita 110 lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Hapa nguzo zinakufaa kweli: mabomba yote yanapita chini, unayafikia bila kuvunja kitu. Tanki la lita 1,000 lisiwekwe darini, maana ni tani nzima ya maji. Lijengee mnara wake nje.

Jikoni la zamani lilikaa nyuma, mbali na nyumba, kwa sababu ya moshi na moto. Sababu ya moto bado ipo. Ni afadhali kufunga baraza la nyuma na kulifanya jikoni, mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta. Baraza la mbele liache wazi. Likiwekwa vioo, vyumba vya ndani vinakosa upepo, na jioni nyumba inakuwa tanuri.

Dari pia liache juu lilipo, kwa kuwa joto la mabati linahitaji mahali pa kukaa. Laza pamba ya kioo ya kuzuia joto, ya milimita 100, juu ya dari, lakini usizibe matundu ya hewa kwenye ukingo wa paa. Sehemu za baridi kama Limuru, mvuke wa ndani hugeuka maji chini ya bati usiku na kudondoka, kwa hiyo chini ya mabati tandika karatasi ya kuzuia maji inayomwaga hadi nje. Paa likiwa la asbesto, usilitoboe wala kulifagia. Kulitoa ni kazi ya wenye leseni.

Waya za zamani usizipime kwa macho: toa zote. Kwenye ukuta wa mbao pitisha kebo ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kwenye uso wa ukuta. Taa zitumie milimita za mraba 1.5, soketi 2.5. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inavuta takriban ampea 21, basi ipewe laini yake kutoka kwenye bodi kuu ya umeme, kebo ya milimita za mraba 6. Mafundi wengi huiunga kwenye soketi iliyo karibu, waya unapata moto ndani ya mbao, na hapo hakuna wa kulaumiwa ila aliyetaka kuokoa mita chache za kebo. Ongeza kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme unapovuja.

Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usipige msasa mkavu. Ilowanishe, ikwangue, kusanya maganda yote, na watoto wakae mbali hadi sakafu ioshwe. Mbao za sakafu zikishakuwa safi zipake mafuta yanayoingia ndani badala ya vanishi nene, maana vanishi ikikwaruzika lazima uikwangue chumba kizima, lakini mafuta unayarudishia pale palipochakaa tu.