Maswali ya mzee kwenye kilomita ya tatu

Jumamosi yangu ya kwanza na kundi letu la kukimbia nilikuwa wa mwisho. Kando yangu alikuwepo mzee mmoja wa miaka 63, kofia ya rangi ya majivu kichwani, na njia nzima alikuwa akiniuliza maswali. Una watoto wangapi? Mkubwa yuko darasa la ngapi? Kazini mnaingia saa ngapi? Nilikuwa nahema sana, kila jibu likatoka neno moja moja: wawili, la sita, mbili. Kila nikijibu hivyo alipunguza mwendo kidogo, hasemi kitu. Nikadhani amechoka. Nikamwonea huruma, na mimi nikapunguza.

Ilinichukua karibu mwaka kuelewa alichokuwa akifanya. Siku hiyo tulikuwa tunanyoosha misuli baada ya mazoezi, nikamuuliza: "Mzee, mbona kila Jumamosi unaniuliza habari za watoto wale wale, na majibu unayajua?" Akajibu huku ameshika kifundo cha mguu wake nyuma ya mgongo: "Mwanangu, mimi nilikuwa nasikiliza urefu wa jibu."

Nimekimbia miaka minne sasa, na sijapata somo lililonifaa kuliko hilo. Ukiweza kusema sentensi nzima mpaka nukta bila kukatisha kuvuta pumzi, uko kwenye mwendo unaokujenga. Misuli inapata oksijeni ya kuitosha, mwili unachoma mafuta pamoja na sukari, na kesho yake utaamka ukiwa na miguu ya kukimbilia tena. Maneno yakianza kukatika, umeshavuka mpaka. Huko nako kuna faida yake, lakini huwezi kukaa huko kila siku.

Wengi wetu tunaoanza ukubwani hatulijui hili. Tunatoka nyumbani tunakimbia kwa nguvu zote, tunarudi hoi, tunasema leo nimefanya mazoezi kweli kweli. Wiki ya tatu tunaacha, tunasema kukimbia si kwa ajili yetu. Mwenda pole hajikwai, tumeimbiwa tangu utoto, ila nadhani wachache tumewahi kuifikisha methali hiyo miguuni. Kumbe ndani ya mbio za polepole kuna kazi kubwa inaendelea. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo midogo inaongezeka kwenye misuli, na zile mitokondria, ambazo ndizo majiko ya nishati ndani ya seli, zinaongezeka pia. Mwaka wangu wa kwanza, mwendo wangu wa maongezi ulikuwa dakika 8 na sekunde 10 kwa kilomita. Leo napiga soga vile vile, kwa pumzi ile ile, kwa dakika 7 na sekunde 5.

Ila kabla ya kufika hapo niliumia, na niliumia kwa haraka yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekimbia miezi minane. Jumamosi na kundi nilikwenda taratibu, lakini katikati ya wiki, nikiwa peke yangu, hakukuwa na wa kuniuliza maswali. Nikajiandikisha nusu marathoni, kilomita 21 na kidogo, na hofu ikaniingia. Nilikuwa nakimbia kilomita 22 kwa wiki. Ndani ya wiki mbili nikazifikisha 36. Maumivu yalianza upande wa ndani wa muundi wa kulia, mahali pana kama kiganja, asubuhi tu, kisha yakipotea nikishapasha mwili moto. Nikayapuuza. Wiki iliyofuata yakaacha kupotea. Nikibonyeza kwa kidole kimoja nilikuwa naruka.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenipima alinieleza jambo ambalo sasa namwambia kila mgeni kwenye kundi letu: moyo na mapafu hubadilika upesi, ndani ya wiki chache tu unajisikia una pumzi, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Ndiyo maana mtu anaumia wakati ule ule anaojisikia yuko vizuri kuliko siku zote. Pumzi inasema twende, mfupa bado haujawa tayari. Nilikaa wiki sita bila kukimbia. Nilitembea, nikafanya mazoezi ya kunyanyuka kwa vidole vya miguu kwenye ngazi, polepole kwenda juu, polepole zaidi kushuka, na zile mbio nilizojiandikisha zikanipita.

Tangu hapo mpangilio wangu ni wa kawaida sana na nimeng'ang'ana nao. Nakimbia siku nne: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Jumamosi ndiyo ndefu, Jumapili ni dakika 30 za kulegeza miguu. Ile kanuni inayosema usiongeze zaidi ya asilimia 10 kwa wiki naichukua kama kizuizi cha pupa tu. Kinachonilinda zaidi ni kwamba kila wiki ya nne napunguza, hata kama najisikia nina nguvu za kubomoa ukuta. Nguvu hizo naziweka kwa ajili ya wiki ya tano.

Alhamisi pekee ndiyo siku ya kasi, na hata hiyo tunaifanya kwa fatleki. Ni mbinu iliyotoka Sweden miaka ya 1930, kwa kocha Gösta Holmér, na jina lake maana yake ni kuchezea kasi. Hakuna kupima mita wala kushika saa. Unachagua nguzo iliyo mbele, unaifukuza mpaka uifikie, unalegeza mpaka pumzi irudi, unachagua mti. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto watatu, ndiye mchaguzi wetu. Ukimsikia anasema "lile geti jekundu", ujue linaonekana karibu lakini liko mbali.

Sasa vifaa, maana ndivyo tunavyoulizwa sana.

Kiatu kwanza. Nina maoni yangu kuhusu zile raba za soli nene zenye bamba la kaboni ndani. Ni kweli zinasaidia, ndiyo maana shirikisho la riadha duniani liliweka kikomo cha soli kuwa milimita 40 kwa mbio za barabarani. Ila kwa mtu anayekimbia mara nne kwa wiki kwa mwendo wa maongezi, nashauri kiatu kinachomkaa vizuri, basi. Kipime jioni, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na huvimba hivyo hivyo ukikimbia. Kipime ukiwa umevaa soksi utakazokimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Na usidanganywe na soli ya chini inayoonekana nzima: sponji iliyo katikati huchoka kabla yake, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 800. Mimi naandika tarehe ya kuanza kukivaa kwa kalamu, ndani ya ulimi wa kiatu, kwa sababu kumbukumbu yangu huniambia kila mara kwamba bado ni kipya.

Halafu kuna lile tundu la mwisho. Chukua raba yako uitazame. Juu kabisa, karibu na kifundo, pengine utaona tundu moja la ziada kila upande, limesogea nyuma kidogo ya mengine, na huenda hujawahi kulitumia. Kwa mwaka mzima kisigino changu kilikuwa kinacheza, mguu unateleza mbele kila nikishuka mteremko, na kucha ya kidole gumba cha kushoto ikawa nyeusi, ikatoka, ikaota, ikawa nyeusi tena. Nikawa nakaza kamba mpaka juu ya wayo kunauma. Mzee ndiye aliyeniketisha ukingoni mwa barabara akaifungua kamba yangu yote. Aliichukua ncha ya kamba, akaiingiza kwenye lile tundu la mwisho upande ule ule, bila kuikutanisha na mwenzake, na hakuivuta yote. Akaacha kitanzi kidogo, kidole kinapita. Akafanya vile vile upande wa pili. Kisha akapitisha kila ncha ndani ya kitanzi cha upande wa pili, akavuta zote mbili kwa pamoja, kuelekea nyuma kwenye kisigino. Nikahisi kiatu kimenikumbatia kifundo huku juu ya wayo kumelegea. Akafunga fundo la kawaida. Kucha ile ilipoota mara hiyo haikurudi kuwa nyeusi.

Soksi za pamba nimeziacha. Zinanyonya jasho zikakaa nalo, na unyevu huo ukisuguana na ngozi ndio unaozaa malengelenge. Vaselini napaka kwapani na mapajani kabla ya mbio ndefu, pasipo kuona haya. Kuhusu saa za kupima mapigo ya moyo sina mengi: ninayo, naivaa, na Jumamosi naigeuzia upande wa ndani wa mkono. Siku moja nilikuwa naitazama kila baada ya hatua chache, nikalalamika nimechoka. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, umechoka wewe, au saa ndiyo imekwambia umechoka?" Nilitafakari, nikaona kweli miguu yangu haikuwa na neno.

Nusu marathoni niliikimbia mwaka uliofuata, kwa saa 2 na dakika 38. Kilomita ya 14 kichomi kilinibana upande wa kulia chini ya mbavu. Nikapunguza mwendo, nikawa natoa pumzi ndefu kila mguu wa kushoto unapogusa chini, na baada ya muda kikaniachia. Nilipovuka mstari nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Kuna jambo la kutiana moyo ambalo kundi letu limelifikia kwa kujaribu. Hatumwambii mtu "tumekaribia kufika" kama hatujakaribia. Aliyechoka akiambiwa hivyo anatoa akiba yake ya mwisho, na akipinda kona akaona barabara bado ndefu, anavunjika moyo kuliko mwanzo. Tunamwambia ukweli: zimebaki kilomita mbili, na kuna kamlima kamoja. Mtu akijua mzigo wake anajua namna ya kuubeba. Na "kaza" hatumwambii mtu ambaye pumzi imemwishia. Tunamwambia "legeza mabega". Jaribu siku moja. Mabega yakishuka, na pumzi inapata njia.

Na hatumwachi mtu wa mwisho. Hilo kwangu ndilo kundi lenyewe. Hata Eliud Kipchoge, alipokimbia marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 kule Vienna, Oktoba 12, 2019, makumi ya wakimbiaji walikuwa wakipokezana kumzunguka na kumkinga upepo. Basi mimi na wewe? Na kuhusu kumaliza wa mwisho, humfikiria sana John Stephen Akhwari wa Tanzania. Mexico City, mwaka 1968, alianguka njiani, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Walioanza marathoni ile walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Jua lilikuwa limeshazama, na watu wengi uwanjani walikuwa wameshaondoka. Wale 18 walioacha njiani hatuwataji. Yeye tunamtaja mpaka leo.

Kazi ya kukimbia na wa mwisho tunaifanya kwa zamu, na Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu. Alikuja binti wa miaka 22 hivi, mara yake ya kwanza, raba zake mpya, kamba zimekazwa mpaka ulimi wa kiatu umejikunja. Tulianza saa kumi na mbili kasorobo, giza halijaisha vizuri. Kufikia kilomita ya kwanza wenzetu walikuwa wametuacha, na yeye alikuwa anageuka geuka kunitazama.

"Dada, wewe tangulia tu. Nakuchelewesha."

"Leo niko na wewe, mdogo wangu. Kwenu mko wangapi?"

"Watano."

Nikapunguza kidogo.

"Wewe wa ngapi?"

"Wa pili."

Nikapunguza tena. Tulikuwa tunakwenda mwendo ambao mtu anayetembea kwa haraka angetukaribia. Nikasikia hatua zake zinatulia, ule mshindo mzito wa kisigino unapungua. Mbele sana niliiona ile kofia ya majivu. Mzee ana miaka 67 sasa. Aligeuka mara moja akatutazama, akaendelea zake.

Kwenye kilomita ya tatu nikamuuliza, "Enhe, na huyo wa kwanza anafanya nini siku hizi?"

"Kaka yangu? Aah dada, huyo ni hadithi ndefu, maana alianza kusomea ualimu, halafu mwaka wa pili akasema hawezi, baba akakasirika wiki nzima hawasemeshani, mama ndiye akawa anapeleka ujumbe huku na huku…"

Tulipita mahali ambapo wageni huwa wanageuzia, naye bado anaendelea kusimulia.