Ugoro nao una nikotini

Mjomba wangu alianguka kutoka juu ya lori la mbao pale Mafinga, na baada ya miezi ya maumivu akafanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili mbili za uti wa mgongo, kiunoni. Aliambiwa aache sigara, akaacha kweli. Habari za ugoro hakuna aliyemwuliza, naye akaendelea kuunusa kila asubuhi, akikigonga kikopo chake mara mbili kwa ukucha kabla ya kukifungua, kwa kuwa aliamini kinachodhuru ni moshi.

Imani hiyo nimeikuta kwa wazee wengi wa Iringa na Njombe, na inanisikitisha. Skrubu na vyuma hushikilia pingili kwa muda tu. Kazi ya kudumu hufanywa na mfupa mpya unaoota kwenye vipande vilivyopandikizwa, ambavyo mara nyingi huchukuliwa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe. Vipande hivyo, vikishatolewa mahali pake, hubaki bila damu, vikisubiri mishipa midogo ichipue na kuvifikia. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye tumbaku, iwe ya sigara au ya ugoro, huibana mishipa hiyo na kudhoofisha seli zinazojenga mfupa. Na mfupa usipounga, chuma hubeba mzigo peke yake hadi kilegee au kivunjike.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kwamba mifupa haikuunga kwa asilimia 14.2 ya wasiovuta, na kwa asilimia 26.5 ya walioendelea kuvuta baada ya upasuaji. Nilipomsomea mjomba, akajibu kwamba hao ni wa sigara. Ndipo nikamweleza habari za sungura waliofanyiwa upasuaji kama wake, kisha wakapewa nikotini tupu, bila moshi wowote, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1995: hakuna hata mmoja aliyeunga, ilhali zaidi ya nusu ya wenzao wasiopewa waliunga. Sungura si binadamu, na daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kumpa mgonjwa vibandiko vya nikotini ili asirudie sigara. Lakini ugoro wa kupimiwa sokoni hausimamiwi na daktari yeyote.

Alinyamaza, mkono ukiwa mfukoni mwa koti.

“Sasa mjomba,” akaniuliza, “hii iliyokwisha kuingia mwilini itatoka?”

Nilimjibu kwamba nikotini katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi, na kwamba mfupa huendelea kuunga kwa miezi mingi, kwa hiyo hajachelewa. Kikopo sasa kiko kwangu, na picha ya eksirei ya mjomba inayofuata ni mwezi wa sita.