Siku moja maishani mwangu: Jumamosi Kuu na wakatekumeni watu wazima

Saa 11 alfajiri. Hata uso sijanawa simu inaita, ni mzee mmoja kwenye kundi langu, anabatizwa usiku wa leo kwenye mkesha wa Pasaka, "Mwalimu, hivi nikisahau Nasadiki pale mbele itakuwaje?" Huyu ana wajukuu na kazini anaongoza watu, ila leo ana kiwewe cha mtihani. Nikamwambia mzee wangu tulia, mtasali wote pamoja, hakuna wa kukusahihisha. Akacheka akakata, baada ya muda kidogo akapiga tena na swali lilelile.

Mimi ni katekista wa watu wazima, nawafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa. Watu huniuliza sichoki, maana mtu mzima haji kwa kusukumwa, anakuja na maswali yake yote na yanakuwa magumu kweli, kuna siku narudi kusoma Katekisimu usiku ili nisimdanganye mtu.

Saa 3 asubuhi tuko kanisani. Altare iko tupu, leo hakuna misa mpaka giza liingie, lakini wateule, yaani wakatekumeni waliokubaliwa kubatizwa Pasaka hii, wana ibada ya maandalizi, ile Nasadiki, Kanuni ya Imani waliyokabidhiwa Kwaresima, sasa wanaitamka wenyewe mbele ya watu. Kufika "akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato" sauti ya mzee wangu ikakata. Nikajua kasahau, kumbe ni machozi. Mkewe ni mkatoliki tangu utoto, muda wote wa ndoa yao amekuwa akienda misa peke yake, leo yuko benchi la pili na leso mkononi wala haifutii chochote, ameiminya tu. Wenzake wakaendelea polepole, akawadaka kwenye "akafa, akazikwa" na toka hapo alisali kwa sauti kuliko wote. Kabla ya Nasadiki padri alishapita kwa kila mmoja kugusa masikio na mdomo, Efata, yaani "Funguka".

Saa 6 mchana wamebaki wachache wa kuuliza uliza. Kijana mmoja alibatizwa zamani kwenye dhehebu lingine, anataka kuhakikisha kama kweli leo hamwagiwi maji. Nikamwambia ndiyo, ulishabatizwa kwa maji na kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, hairudiwi, wewe utaungama imani, upate Kipaimara na Komunyo. Nilidhani atasikitika, yeye akashusha pumzi, akasema aliyempeleka kubatizwa ni marehemu mama yake, hakutaka ionekane anakifuta alichofanya mama. Mafundisho yote ya mwaka mzima na hilo sikuwahi kulisikia kwake.

Saa 9 mazoezi na wasimamizi wao wa ubatizo, nani asimame wapi, mkono wa kulia begani kwa mteule wakati wa Kipaimara. Msimamizi mmoja kachelewa, basi tukaendelea.

Saa 1 na nusu usiku moto umewashwa nje, mshumaa wa Pasaka unaingia, Mbiu ya Pasaka, wimbo wa kutangaza ufufuko, inaimbwa. Masomo ya Agano la Kale ni 7, yanaweza kupunguzwa ila la kuvuka Bahari ya Shamu haliachwi kamwe, na ukilisikiliza umekaa karibu na mtu ambaye baada ya muda mfupi anaingia majini, aisee, linasikika tofauti kabisa. Litania ya Watakatifu, maji yakabarikiwa, wakaulizwa kama wanamkataa Shetani na kila mmoja akajibu kwa mdomo wake. Hapa ndipo furaha yangu ilipo. Mimi nilibatizwa mchanga, wengine ndio walionijibia, kwa hiyo kila mwaka naona kawivu fulani hivi, kazuri.

Mzee wangu akamwagiwa maji mara tatu, akavishwa vazi jeupe, padri huyohuyo akampaka krisma, mafuta ya Kipaimara, palepale maana mtu mzima akibatizwa hasubirishwi askofu. Kwenye Komunyo alipanga mstari na mkewe nyuma yake.

Saa 5 usiku nje ni kelele, picha, vigelegele. Nikapaza sauti jamani mafundisho yetu yako palepale, tunakutana kipindi chote cha Pasaka mpaka Pentekoste. Mzee akageuka, "Kwani Mwalimu hatujamaliza?"

Nikamwambia bado, na aje na mama.