Nilivyoiweka sawa BMW X5 iliyotumika kabla haijanilaza njiani

"Toa thamostati, nchi yenyewe ya joto." Huo ndio ushauri wa kwanza niliopewa na mafundi wa Dar es Salaam, na kwa maoni yangu ndio unaoua magari haya kuliko hata kilomita zenyewe. Wa pili: "Oili ya gia boksi ni ya maisha, ukiigusa gia inakufa." Wa tatu: "Kama taa haijawaka, usiguse kitu." Sikuufuata hata mmoja. X5 yangu ni E70 (jina la BMW la X5 ya kizazi cha pili) kutoka Japani, injini ya petroli N52, silinda 6, lita 3, toleo la kabla ya mabadiliko ya 2010. Leo inakaa kwenye foleni ya Mwenge mchana wa Februari, AC imefunguliwa, na joto halipandi.

Nilianza na mfumo wa kupooza. Waterpampu ya N52 haizungushwi na mkanda. Ni ya umeme, na kompyuta ndiyo inayoiamuru izunguke kwa kasi gani. Thamostati, vali inayozuia maji ya kupooza mpaka injini ipate moto, nayo inaongozwa na kompyuta. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta, na taa ya injini inakaa imewaka moja kwa moja. Pampu yenyewe haikupi dalili ndefu: jana inafanya kazi, leo imegoma. Gari likishavuka kilomita 100,000 na hujui historia yake, badilisha pampu na thamostati kwa pamoja, maana kazi ya kuzifikia ni ileile. Pampu inashikwa na bolti tatu za alumini. Zikishafunguliwa hazirudi, kwa sababu zimeshavutika. Weka mpya, kaza kwa spana ya kupima nguvu mpaka 10 Nm, kisha zungusha nyuzi 90. Na fundi asikuwekee bolti za chuma eti ni imara zaidi: bloku ya injini hii ina magnesiamu kwa nje, na chuma kikikutana na magnesiamu penye unyevu, kutu inakula bloku.

Sasa hapa kwenye kutoa hewa ndipo wengi wanapoharibu. Kilichozoeleka mtaani ni kujaza maji, kuwasha injini kifuniko kikiwa wazi, na kukanyaga mafuta mpaka mapovu yaishe. Kwa gari hili hiyo ni kujidanganya. Hewa inabaki ndani, pampu inazungukia hewa, na pampu mpya inakufa baada ya muda mfupi. Halafu wewe unaambiwa umeuziwa feki. Gari lina utaratibu wake wa kujitoa hewa, tena hauhitaji mashine yoyote. Injini iwe baridi kabisa. Unganisha chaja kwenye betri, kwa sababu pampu itakula umeme muda wote huo. Jaza kulanti (maji ya kupooza injini) mpaka shingo ya tenki, funga kifuniko. Bonyeza START bila kukanyaga breki, ili umeme uwake lakini injini isiwake. Weka hita kwenye joto la juu kabisa na feni kwenye kasi ya chini kabisa. Kisha kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie sekunde 10, uachie. Utaisikia pampu ikianza kuvuma, inapanda, inashuka, inatulia, inapanda tena. Iache, usiguse kitu kwa dakika 12 hivi, itazima yenyewe. Ndipo ufungue kifuniko uongeze mpaka alama ya juu. Kama kiwango kimeshuka sana, rudia. Mara ya kwanza nilipoufanya nikiwa na fundi wangu, alisimama kimya anasikiliza, akaniambia ameshabadilisha pampu nyingi za BMW bila kujua jambo hili.

Kulanti iwe ile ya bluu inayokubaliwa na BMW, nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Dukani unaomba maji ya betri, lakini soma chupa: yawe distild wota, wasikupe asidi. Maji ya bomba ya Dar yana chumvi, na chumvi ndiyo inayoanza kula alumini.

Oili ya injini: lita 6.5 pamoja na filta, yenye kibali cha BMW kiitwacho LL-01 kilichoandikwa nyuma ya galoni. Mimi namwaga kila kilomita 7,000 hadi 8,000. Muda mrefu uliopangwa kiwandani haukufikiria foleni zetu. E70 hii haina kijiti cha kupimia, kiwango unakisoma kwenye skrini injini ikiwa imepata moto na gari likiwa mahali tambarare.

Kuvuja oili msichukulie poa. Gasketi ya nyumba ya filta ya oili, kiraka kidogo cha mpira kisichofika hata sehemu ndogo ya bei ya injini, hukakamaa kwa joto na kuanza kuvujisha. Oili inadondokea mkanda, mkanda unavimba, unateleza, unatoka kwenye puli. Ukitoka, nyuzi zake zinajiviringisha kwenye puli ya krenki na kuvutwa kupitia oili sili ya mbele mpaka ndani ya injini, zinaziba chujio la pampu ya oili. Injini imekwisha. Ndiyo maana ukibadilisha gasketi hiyo, mkanda nao ubadilishwe siku hiyohiyo.

Kujua oili inatokea wapi kuna mbinu ya bei ya poda. Osha injini kwa dawa ya grisi, ikauke kabisa, kisha nyunyiza poda ya watoto nyembamba kuzunguka nyumba ya filta na kingo za tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini). Endesha mzunguko mfupi, rudi na tochi. Poda nyeupe inakuchorea njia ya oili. Fuata mstari ule mpaka sehemu ya juu kabisa iliyolowa. Tone unaloliona chini kwenye sampo (trei ya oili) mara nyingi limetoka juu. Nyumba ya filta ikifunguliwa, nyuso zote mbili zisafishwe, gasketi mpya iwekwe kavu. Silikoni marufuku. Ile inayojitokeza kwa ndani humeguka na kwenda kuziba njia za oili.

Gia boksi ni ya kampuni ya ZF, ya gia 6, na ZF wenyewe wanasema oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8. Hakuna cha maisha. Nunua lita 7 za oili ya ZF iitwayo Lifeguard 6 na sampo ya plastiki, filta imo humohumo. Kwanza fungua nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya kujazia ikagoma, gari limelala hapohapo. Ukiwa ndani, badilisha na sili ya soketi ya waya za mekatroniki (kifaa cha umeme kinachoongoza gia), huvuja sana. Kiwango kinapimwa injini ikiwa inawaka, baada ya kupitisha gia zote taratibu, oili ikiwa kwenye nyuzi 40 kwa kipimo cha kompyuta: ikitiririka kama uzi kwenye tundu la kujazia, funga.

Kabla ya masika shughulikia mifereji ya sanruf. Ikiziba, maji yanaishia chini ya zulia na kwenye buti, na betri imo humo chini ya sakafu ya buti pamoja na vidubwasha vya umeme vya bei mbaya. Mimina kikombe cha maji kwenye kila kona, angalia yanatokea chini. Usipulize kwa kompresa, mpira utachomoka ndani ya nguzo. Chukua mshipi mnene wa kuvulia, choma ncha kwa kiberiti iwe duara, uingize taratibu ukizungusha.

Betri mpya lazima isajiliwe kwenye kompyuta, aina na ukubwa wake. Bila hivyo alteneta inaendelea kuichaji kama ile kuukuu na kuichosha mapema.

Tairi nne ziwe za kampuni moja na zilizolika sawasawa. Zikipishana, klachi ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) inateleza muda wote na kuungua. Gari likianza kushtukashtuka ukiondoka taratibu, anza na oili ya transfa: inaingia kama lita moja tu, na kompyuta iambiwe imebadilishwa.