Nilivyochagua hifadhidata ya kituo cha maziwa Pongwe

Kituo chetu cha maziwa hapa Pongwe, Tanga, humlipa mfugaji kwa lita zilizoandikwa. Mama akileta lita saba asubuhi na kompyuta ikazipoteza, mwisho wa mwezi hana ushahidi. Kwa hiyo nilipoombwa kutengeneza programu ya kuchukua nafasi ya daftari, swali langu la kwanza lilikuwa: umeme ukikatika karani akiwa katikati ya kuandika, nini kinabaki? Huku umeme ukikatika haubishi hodi.

Nililinganisha programu tatu za hifadhidata, yaani za kutunza kumbukumbu kwa mpangilio: Microsoft Access, LibreOffice Base na SQLite. Kwa fomu na ripoti, Access inaongoza, sibishi. Kikomo chake cha GB 2 kwa faili kinatutosha sana. Lakini faili likikaa kwenye mtandao wa ofisi, kila kompyuta huliandika yenyewe moja kwa moja, na mawasiliano yakikatika linaweza kuharibika. Base ni ya bure, ila ukitumia HSQLDB, injini ya hifadhidata iliyomo ndani yake, data inakaa ndani ya faili la .odb, na unachoandika hakilifikii hadi lihifadhiwe. Kwa foleni ya asubuhi, hapana.

SQLite niliijaribu kwa ukali. Nilichukua kompyuta ya mezani isiyo na UPS (betri ya akiba), nikaandika programu ndogo ya kuingiza rekodi mfululizo, kila inayothibitishwa namba yake inatumwa kwenye simu yangu. Kisha nikachomoa waya ukutani. Kompyuta ilipowaka, kila namba iliyofika kwenye simu ilikuwemo kwenye faili. Muamala, yaani uandikaji mmoja kamili, ulioachwa nusu hufutwa kwa msaada wa jarida la SQLite, faili la pembeni la kumbukumbu za mabadiliko, hakuna mstari unaoning'inia. Nikaendesha PRAGMA integrity_check, amri ya kukagua uzima wa faili, ikajibu "ok". Nilifurahi kwelikweli.

Lakini kuna mahali inalegea, na hapa ndipo wengi hawaangalii. Safu ya lita inakubali hata maneno "saba na nusu" bila kulalamika. Tangu toleo la 3.37 la mwaka 2021 unaweza kutangaza jedwali kuwa STRICT (lenye masharti makali ya aina ya data), nalo likakataa maneno kwenye safu ya namba. Ongeza CHECK, sharti la kuzuia lita hasi, na uwashe foreign_keys, ukaguzi wa kwamba namba inayotajwa ipo kwenye jedwali lingine, kila unapofungua hifadhidata, la sivyo maziwa yataingia kwa namba ya mfugaji asiyekuwepo.

SQLite haina fomu, kwa hiyo skrini niliiandika mwenyewe kwa Python. Karani akaniuliza, "Kaka, umeme ukirudi nitajuaje niliishia kwa nani?" Swali zuri kuliko yote niliyojiuliza. Sasa programu ikifunguka inaonyesha jina la mwisho, lita na saa.

Jioni nakala rudufu inatolewa kwa VACUUM INTO, amri ya SQLite ya kunakili hifadhidata nzima, kwenda kwenye flashi, ambayo katibu anaondoka nayo. Faili lenyewe liko kwenye diski ya kompyuta ile ile, si kwenye folda ya mtandao. Siku kituo kikihitaji makarani wawili kuandika kwa pamoja kutoka kompyuta tofauti, nitahamia PostgreSQL, hifadhidata ya seva inayopokea waandishi wengi kwa pamoja.