Hela za Adobe na ritani ya TRA

Kila tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kupeleka ritani ya mapato, inapokaribia, wenzangu wa kamera na kompyuta wanaanza kunitumia sauti za WhatsApp. "Dada, zile hela za programu zinazokatwa kila mwezi, TRA wanazikubali?" Mamlaka ya Mapato wanazikubali, kama gharama ya biashara. Ila jibu zima ni refu kuliko hapo, na nimechoka kulirudia kwa sauti za dakika nne nne, kwa hiyo naliandika.

Mimi nahariri video, Sinza. Mwisho wa wiki ni harusi, sendofu na kicheni pati. Katikati ya wiki ni matangazo ya maduka na video za mashirika. Sina mwajiri. Nina TIN, jina la biashara nililosajili BRELA (wakala wa usajili wa biashara), na leseni. Vitendea kazi vyangu vingi havishikiki kwa mkono: Premiere ya Adobe ya kukatia video, maktaba ya muziki wenye leseni (bandika wimbo wa mtu kwenye tangazo la mteja uone utakavyotafutwa), hifadhi ya mtandaoni ya kumpelekea bibi harusi aliyeko Mwanza mafaili yake, na Canva ya kadi za michango. Zote zinatozwa kwa dola, kwenye kadi, mara nyingi usiku umelala, na hakuna anayekukabidhi karatasi.

Sheria yenyewe haina fumbo. Ni Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Sura 332, kifungu cha 11: matumizi uliyoyafanya kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara, na kwa ajili hiyo tu, unayatoa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Ada ya programu haina hadhi tofauti na pango la ofisi au mafuta ya jenereta. Kama bila hiyo video haitoki, ni gharama.

Lakini hii ni kwa anayefanya hesabu za mapato na matumizi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 100 kwa mwaka anaweza kuwa kwenye ule mfumo wa kutozwa kwa mauzo, na huko gharama haziingii kabisa. Unatozwa kwa kilichoingia, uwe ulitumia kumi au elfu kumi. Hata hivyo si kila mtu anaruhusiwa kukaa humo. Huduma za kitaalamu na kiufundi zimewekwa nje, na wapo wahariri na wabunifu wanaodhani wako kwenye mauzo kumbe hawapo. Hilo uliulize kwanza ofisi yako ya kodi, kabla hujaanza kukusanya karatasi.

Halafu kuna watu wanaofikiri wakitumia laki moja kwenye programu, kodi yao inapungua laki moja. Haipungui hivyo. Kinachopungua ni mapato yanayotozwa. Kwa mtu binafsi, faida ya mwaka hadi 3,240,000 haina kodi. Kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 ni asilimia 20, hadi 12,000,000 ni asilimia 25, na inayozidi hapo ni asilimia 30. Kwa hiyo laki moja ya programu inamwokolea aliyevuka milioni 12 shilingi 30,000. Yule wa daraja la asilimia 8 anaokoa 8,000. Ambaye faida yake haijafika 3,240,000 haokoi chochote. Mtu akikushawishi ulipie programu usiyoihitaji "kwa sababu utaikata kwenye kodi", kumbuka kwamba hata ukiwa daraja la juu kabisa, asilimia 70 ya hiyo hela imetoka mfukoni mwako.

Sasa twende kwenye karatasi, maana vita yote iko hapo. Ukinunua hata diski Kariakoo hakuna mjadala, dai risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Kampuni iliyoko Marekani au Ireland haina mashine ya EFD, haitakupa. Mhasibu wangu, kaka mmoja wa Tabata asiyependa maneno mengi, ananidai vitu viwili: ankara ya kampuni, na mstari wa taarifa ya benki unaolingana nayo kwa tarehe na kiasi. "Dada'ngu, mstari wa benki peke yake unaniambia hela imetoka," huwa anasema. "Hauniambii umenunua nini."

Ankara mara nyingi haiji yenyewe kwa barua pepe. Lazima uingie kwenye akaunti yako, sehemu ya malipo, uishushe. Na iwe na jina lako au la biashara yako, ikiwezekana na TIN. Nimeletewa ankara ya mwenzetu mmoja imeandikwa "Mtoto wa Mjini", kwa sababu ndivyo alivyojisajili. Afisa wa kodi akimuuliza Mtoto wa Mjini ni nani, aanze kujieleza? Badilisha jina leo, ankara zijazo zitatoka sawa.

Mtego mkubwa zaidi ni kadi ya kuazima. Dar tunao vijana wanaolipia watu mitandaoni: unamtumia hela kwa simu, anaongeza chake juu, analipa kwa kadi yake. Ni msaada mkubwa kwa asiye na kadi, siwasemi vibaya. Ila ankara inatoka kwa jina lake, benki ni yake, na wewe umebaki na ujumbe wa muamala unaosema umemtumia fulani hela. Huo ni ushahidi dhaifu mno. Siku hizi kadi ya mtandaoni unaweza kuifungulia kwenye simu, kwa jina lako mwenyewe. Fungua. Wale wa Adobe ya kwenye flashi, iliyovunjwa, wala hatuna la kuzungumza: hamna mlicholipia, basi hamna cha kukata.

Kwenye vitabu unaandika shilingi, si dola. Mimi natumia kiasi ambacho benki ilikata siku ile, si kiwango cha siku ninayoandaa hesabu. Makato ya benki ya kubadilisha fedha nayaandika pembeni kama gharama ya benki, kwa sababu nayo yametoka kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Utaona pia VAT, kodi ya ongezeko la thamani, kwenye baadhi ya ankara. Tangu Julai 2022 kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa watu wa Tanzania zilitengenezewa njia rahisi ya kujisajili na kuilipa TRA. Kama hujasajiliwa VAT, na wengi wetu hatujafika mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, hiyo VAT hairudi popote. Ni sehemu ya bei, iingize yote kwenye gharama. Aliyesajiliwa ana hesabu zake nyingine, asiihesabu mara mbili.

Vya mchanganyiko ndivyo vinavyonifanya nikune kichwa. Hifadhi yangu ya mtandaoni ina harusi za wateja, lakini ina picha za wanangu pia, na mama yangu Tanga naye yumo kwenye mpango huo huo. Siwezi kusema yote ni biashara. Kila mwisho wa mwaka naangalia nafasi ambayo mafaili ya wateja yamechukua, napiga picha ya skrini, nakata sehemu hiyo tu. Netflix siikati. Najua wapo wanaosema wanaangalia "kujifunza uhariri". Mimi naangalia tamthilia.

Mwenye programu aliyoinunua moja kwa moja, ya kudumu miaka, asiikate yote mwaka mmoja. Hiyo ni mali isiyoshikika, gharama yake inagawanywa kwa miaka itakayotumika. Kompyuta nayo ina uchakavu wake, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Ada ya mwezi haina usumbufu huo: imelipwa, imetumika, imekwisha.

Mafaili yote nayaweka kwenye folda moja kwa kila mwaka, ankara na taarifa ya benki pamoja, na nakala kwenye diski ya nje. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5, na ukiacha kulipia programu unaweza kufungiwa na akaunti yenye ankara zako. Kwa hiyo shusha kila mwezi. Mimi nafanya hivyo siku ninayolipa umeme, na tarehe za kulipa kodi kwa awamu zikifika, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, kaka wa Tabata anapata folda yake.